Oili ya gia boksi kwa trekta la zamani: ukifika dukani Tanga, chukua ipi?

Duka la spea Ngamiani utaulizwa: "Unataka ya gia au ya haidroliki?" Mwenye Massey Ferguson 135 asikimbilie kujibu. Trekta hilo lilianza kuundwa mwaka 1964, na gia, difu na haidroliki yake vinatumia oili moja, kama lita 30. Pampu yenyewe imezama humo humo. Ukiweka oili nzito mno, pampu inalia na mikono ya nyuma inainua jembe kwa kujivuta, hasa asubuhi za Lushoto.

Namba moja kwangu ni UTTO, oili ya trekta ya gia na haidroliki kwa pamoja. Imetengenezwa kwa kazi hii hasa: inalinda gia, inaendesha haidroliki, na hata trekta lenye breki za ndani ya oili inalifaa. Geuza dumu usome nyuma. Kwa Massey tafuta namba za viwango vyao: M1135, M1141 au M1143. Ila isiingie kwenye injini, hata tone.

Inayoingia kote kuwili, kwenye injini na kwenye gia, ni STOU, namba mbili. Mwenye trekta moja na stoo ndogo itamfaa, maana kijana wako hatakosea dumu.

Namba tatu ni oili ya gia 80W-90, daraja la GL-4, na hii nunua tu kama gia boksi yako imetengana na haidroliki. Usipewe GL-5 kwa kuwa unene umeandikwa sawa. Dawa zake kali za salfa zinaweza kula bushi za shaba. Muuzaji akikwambia tano ni kubwa kuliko nne, mrudishie dumu lake.

ATF, ile nyekundu ya magari ya otomatiki, waachie wenye magari.

Halafu kuna oili ya kupimiwa kutoka pipani. Niliinunua mara moja, nikaona nimeokoa hela. Wiki ya tatu dipstiki ikatoka na rangi ya chai ya maziwa: maji hayo. Labda ni pipa, labda ni mpira wa mti wa gia, maana fundi aliukuta umepasuka na masika ilikuwa imeshika kweli kweli. Lita zote zilimwagwa. Siku hizi nachukua dumu lenye sili, pamoja na mpira mpya wa mti wa gia. Kumwaga namwaga jioni, trekta likitoka shamba oili ikiwa bado ya moto, ili matope ya chini yatoke nayo.