Miezi minne na bagi, kigari cha vumbi cha rimoti, nilichokiunganisha mwenyewe

Nianze na kitu ambacho ningeambiwa mapema ningeshukuru: boksi likifika, ndani hakuna gari. Kuna mifuko midogo ya nailoni imeandikwa A, B, C mpaka huko mbele, kuna fremu za plastiki zina vipande vimeng'ang'ania kama matawi na majani, kuna bodi nyembamba inayoonyesha kama kioo haina rangi hata tone, kuna mota moja, skrubu nyingi balaa na kitabu cha michoro. Basi. Rimoti hamna, sevo (kimota kidogo cha kugeuza tairi za mbele) hamna, betri hamna, chaja hamna, rangi hamna. Mi niliona picha ya juu ya boksi, gari jekundu limeruka hewani, nikajua nusu ya kazi imeshafanyika. Na kumbe wameandika kabisa pembeni kwa herufi ndogo kwamba hivyo vingine utafute mwenyewe, lakini nani anasoma pembeni ya boksi akiwa na furaha yake.

Jina la kampuni siweki, sitaki ligi na mashabiki wake, na inawezekana baadhi ya malalamiko yangu ni mkosi wangu tu. Ni bagi ya 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, inasukumwa na tairi za nyuma peke yake, mota ya brashi ya saizi 540, muundo wa kizamani kiasi. Kwa wasiojua, hii miundo ya zamani ina watu wake, Tamiya kwa mfano walitoa bagi yao ya Hornet mwaka 1984 na 2004 wakairudisha tena sokoni maana watu waliokua nayo utotoni walikuwa bado wanaiulizia. Kwa hiyo usishangae kukuta seti mpya dukani ina mambo ya miaka hiyo.

Kuunganisha kwenyewe ndiyo sehemu iliyonikamata. Nilichukua jioni nane, saa mbili saa tatu kila jioni, na kiukweli kama wangeniuzia hizo jioni nane bila gari bado ningenunua. Kitabu chao hakina maneno mengi, ni michoro, na kila skrubu imechorwa kwa saizi yake halisi, yaani unachukua skrubu unailaza juu ya karatasi, ikilingana na mchoro ndiyo yenyewe. Mi siku ya pili nikajiona fundi, nikaacha kulaza, nikawa nakadiria kwa jicho. 3x8 na 3x10 (unene milimita 3, urefu 8 au 10) zinapishana milimita mbili tu, jamani, na jicho la saa nne usiku halioni milimita mbili. Nikaweka ya 10 kwenye kava ya giaboksi palipotakiwa ya 8, ikaingia vizuri tu haikulalamika, nikafunga kila kitu, kuzungusha tairi kwa mkono nasikia tak tak tak, ncha ya skrubu imetokeza ndani inagonga meno ya gia. Ikabidi nifungue kazi ya jioni nzima. Tangu hapo nalaza kila skrubu kwenye karatasi kama mtoto anayejifunza kuhesabu, na sioni aibu.

Halafu bisibisi. Hii naisema kwa msisitizo maana ingeniharibia kila kitu. Seti nyingi za aina hii zina skrubu za nyota za kiwango cha Kijapani, JIS, na kwa macho ni nyota kama nyota nyingine ila ile bisibisi ya kawaida ya Phillips haikai mpaka chini kwenye tundu lake, inapanda, inateleza, inaanza kula kichwa. Nilikula vichwa vya skrubu vitatu kabla sijaelewa kwamba tatizo sio mkono wangu. Nikapata bisibisi ya JIS, aisee, tofauti ni kama umebadilishiwa skrubu. Kingine, hizi skrubu zinajichongea njia zenyewe kwenye plastiki, kwa hiyo ukifungua na kurudishia usikaze tu kwa nguvu, kwanza zungusha kinyume taratibu mpaka usikie kitu kama kadondoka kidogo, hapo imeingia kwenye njia yake ya zamani, ndo ukaze. Ukilazimisha inachonga njia ya pili na baada ya mara mbili tatu tundu limekwisha, skrubu inazunguka tu haishiki.

Shokapu nilizipenda kuliko kitu chochote humo ndani. Ni za oili kweli kweli, kidude kirefu kama kidole cha mwisho, ndani kuna pistoni ya plastiki yenye matobo madogo na oili ya silikoni inapita kwenye hayo matobo, ndicho kinachoizuia sipringi isidunde dunde. Unajaza oili karibu na ukingo, unapandisha na kushusha pistoni pole pole, viputo vinaanza kupanda kimoja kimoja, unaiacha imesimama dakika kadhaa, unarudia tena, mpaka hakuna kiputo. Ukiharakisha unabaki na hewa ndani na shokapu inatoa sauti ya kunyonya ukiibonyeza. Nilikaa nazo nne zimepangwa kwenye kipande cha boksi nilichotoboa matundu, naziangalia tu. Mmoja hapa nyumbani akapita akaniuliza unafanya nini, nikasema nasubiri viputo. Akaenda zake. Moja kati ya nne ilivuja baada ya wiki, raba yake ya duara ilikuwa na mkato mdogo, nadhani niliikata mwenyewe nikiipitisha kwenye uzi wa shafti bila kupaka grisi, kwa hiyo hilo sitawabebesha.

Nitakalowabebesha ni bushi. Mahali tairi zinapozungukia wameweka bushi za plastiki badala ya beringi. Kwenye gari la vumbi! Mchanga ukiingia mle inakuwa ni msasa, na ndani ya mwezi tairi za nyuma zikaanza kucheza kushoto kulia. Nikatoa zote nikaweka beringi za chuma, saizi 5x11 kwa sehemu kubwa, na gari ikabadilika, ukiisukuma kwa mkono inaserereka inaenda mbali na mota haipati joto kama mwanzo. Lakini sasa ili ufike kwenye zile bushi za giaboksi unafungua nusu ya gari. Kwa hiyo kama utanunua seti yenye bushi, nunua beringi siku hiyo hiyo uziweke wakati unaunganisha, usije kusema hukuambiwa.

Upande wa umeme nilitumia sevo na rimoti ya kampuni nyingine, ya masafa ya 2.4 GHz, hizi za kisasa unaiunganisha risiva (kile kipokezi cha ndani ya gari) na rimoti yake mara moja na mambo yanaisha, zamani kwenye 27 MHz watu walikuwa wanabadilishana kristali (kidude cha kupanga chaneli) kwanza ili wasigongane chaneli. Kosa langu hapa ni la kijinga. Nilifunga mkono wa sevo kabla ya kuwasha kitu chochote. Kuwasha, sevo ikaenda katikati yake inayoijua yenyewe, na tairi za mbele zikawa zimegeuka kulia zimekaa hivyo hivyo. Nikarekebisha kwa kitufe cha rimoti mpaka mwisho wake bado gari inavuta kulia. Dawa yake ni rahisi, unawasha rimoti na risiva kwanza, sevo ikae katikati, ndipo unachomeka mkono ukiwa umesimama wima, halafu skrubu. Na kuwasha kuna mpangilio wake, rimoti kwanza halafu gari, kuzima gari kwanza halafu rimoti, maana gari ikibaki peke yake bila bwana wake hujui itaamua nini.

Gia ya mota na ile gia kubwa nayo ina ujanja wake, ukizibana sana zinapiga kelele na kula moto, ukiziachia zinakatana meno. Unachana kipande cha karatasi ya kawaida, unakipitisha katikati ya hizo gia mbili, unasogeza mota mpaka zibane karatasi, unakaza skrubu za mota, halafu unazungusha karatasi itoke. Ikitoka imekunjika kama akodioni bila kuchanika umepatia. Hizo skrubu za mota, kwa kuwa ni chuma kwa chuma, tia ile gundi ya bluu ya kuzuia kulegea, tone dogo. Usiipeleke kwenye plastiki, inaifanya ipasuke. Sikuweka siku ya kwanza, mota ikasogea yenyewe na meno matatu ya gia kubwa yakaenda.

Rangi sasa. Bodi ni ya polikaboneti na inapakwa kwa NDANI, yaani rangi unayoanza nayo ndiyo watu watakayoiona kwa nje, kila kitu kiko kinyume. Kwa hiyo rangi za giza zinaanza na za mwanga zinafuata, ukifanya kinyume ile ya giza inaonekana kwa nyuma inachafua ile ya mwanga. Kwa nje kuna karatasi laini ya nailoni ya kuzuia mavumbi ya rangi, hiyo unaibandua mwisho kabisa na hapo ndipo roho inatulia, rangi inang'aa kama imemwagiwa maji. Ya kwangu iling'aa siku mbili. Nilitumia kopo la rangi ya kupulizia ya chuma, nikajua rangi ni rangi, gari ilipobiringika mara ya kwanza bodi ikapinda ikarudi, rangi haikupinda, ikabanduka vipande vipande imejaa kwenye chasi kama magamba ya samaki. Kuna rangi maalum ya polikaboneti, inajikunja pamoja na bodi. Bodi ya pili nimepaka hiyo, imebiringika nimeacha kuhesabu na bado ipo.

Kuendesha je? Inaridhisha, sio zaidi. Ukiwa na betri ya NiMH ya volti 7.2 inatembea kwa heshima. Nikaweka LiPo, betri ya lithiamu, ya seli mbili, volti 7.4 kwa kawaida na 8.4 ikijaa, hapo ndo inaamka, nyuma inateleza kwenye kona unairudisha kwa stelingi, raha yake ni hiyo. Ila kontrola ya spidi waliyoweka kwenye boksi (ndio, hiyo walikuwa nayo) ilikuja imesetiwa kwa NiMH, haijui kukata LiPo ikishuka, na betri ya LiPo ikishuka chini ya volti 3 kwa seli unaweza kuiaga. Kuna kipini kidogo cha kuhamisha, kwenye kitabu kimeonyeshwa kwa mchoro mmoja mdogo kona ya ukurasa wa mwisho. Hiki kingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza na kwa herufi nyekundu, samahani. Betri ikikaa bila kazi mi naiacha kwenye 3.8 kwa seli, na siichaji nikaenda kulala, na ikivimba hata kidogo haiingii tena kwenye gari.

Mkono wa mbele wa gari, ule unaoshika tairi, ulivunjika wiki ya sita, niligonga ukingo wa saruji kwa spidi, haki yake. Shida ni spea. Huuziwi mkono, unauziwa fremu nzima yenye mikono miwili na vidude vingine kumi na tatu usivyovihitaji, na ilichukua wiki tano kufika. Kuubadilisha ilinichukua dakika kumi na mbili, bila kitabu, najua kila skrubu inapokaa. Rafiki yangu ana ile inayokuja tayari imeshaunganishwa, ina kasi kuliko yangu mara mbili, ilipovunjika kitu kile kile akaniletea mimi.

Maksi zangu: kuunganisha 9 kwa 10, shokapu peke yake 10, kuendesha 6, spea 4, na bushi siwapi kitu. Kama wewe unataka kukimbiza tu, hii achana nayo, nunua iliyo tayari. Mimi nimeshaagiza nyingine, ile ya kupanda mawe. Safari hii nimesoma pembeni ya boksi. Sevo inayo, rangi hamna.