Mlo wa jioni kwenye kiwanda cha mvinyo Dodoma: kilichoendana na kisichoendana

Ningerudi, na safari hiyo ningeomba ndoo ya barafu kabla ya kukaa. Mlo ulikuwa kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo nje ya Dodoma mjini. Chakula kilipikwa na mtu anayeijua kazi yake, na mvinyo wenyewe haukuwa na kasoro. Ila ule mwekundu ulitolewa ukiwa wa vuguvugu, ukanyweka kama dawa ya kikohozi. Mengine yote ni madogo na yanarekebishika.

Kifurushi ni vyakula vitano na glasi tano, kila glasi kama mililita 75. Jumla ni mililita 375, yaani nusu chupa kwa mtu kwa muda wa saa tatu hivi, na kwa kiasi hicho ulimi bado unatofautisha ladha hadi mwisho. Uliza kipimo hiki unapoweka nafasi. Wapo wanaomimina mililita 150 kila mara, na ikifika glasi ya nne hakuna anayeonja tena, watu wanakunywa tu. Maji yalikuwa tele, na chombo cha kutemea kilikuwepo. Wengi wanakionea haya, lakini anayetaka kupitia glasi zote akiwa na akili timamu ndicho anachokihitaji.

Kabla ya kula wageni hupitishwa kwenye matangi. Hapo swali lenye faida kuliko yote ni hili: mvinyo huu umetokana na mavuno ya msimu gani? Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi. Wa Dodoma haulali. Mkulima anaupogoa, unachipua, na miezi minne hivi baadaye anavuna. Kwa hiyo misimu ni miwili kwa mwaka, mmoja kuanzia Februari hadi Aprili, mwingine Agosti na Septemba. Zabibu za kipindi cha mvua hunywa maji mengi na sukari yake huwa chini. Magonjwa ya ukungu kama ubwiri nayo humlazimisha mkulima kuchuma kabla hazijaiva sawasawa. Za kiangazi hukusanya sukari na rangi. Zabibu ikifika Brix 22 (Brix ni kipimo cha sukari ya juisi yake) na mvinyo ukaachwa uchachuke hadi sukari iishe, utapata kilevi cha asilimia 12 hadi 13. Kiwanda kinachoweza kukujibu swali hilo papo hapo kinazijua zabibu zake. Kikibabaika, punguza matarajio.

Aina mbili za zabibu ndizo zilizotawala meza, Makutupora nyekundu na Chenin Blanc nyeupe. Makutupora ni ya hapa hapa na jina lake ni la eneo lilipo kituo cha utafiti wa zabibu, kaskazini mwa mji. Chenin asili yake ni bonde la Loire, Ufaransa, na sifa yake ni kushikilia uchachu hata kwenye nchi ya joto. Zipo pia Syrah, na aina za Kiitalia kama Aglianico na Teroldego zilizopandwa Hombolo, lakini jioni hiyo hazikuwekwa mezani, na sikuzikosa.

Sasa suala la joto. Mhudumu alisema mwekundu hunywewa "kwa joto la chumba". Kanuni hiyo ilitungwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambako chumba kina nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dodoma mwezi wa Novemba kinapita 28 bila shida. Katika joto hilo kilevi hutangulia puani, harufu ya tunda inazama nyuma, na ukakasi, ule unaokausha fizi, unakuwa mchungu. Dawa yake ni rahisi. Chupa ya mwekundu iliyokuwa mezani iwekwe kwenye friji dakika 40, au kwenye ndoo yenye nusu barafu nusu maji dakika 12 hadi 15. Maji ni lazima, kwa sababu barafu tupu hugusa chupa sehemu chache na huchelewa kuipoza. Mweupe na rozi, ule wa rangi ya waridi, vishuke hadi nyuzi 8 au 10. Usiutie mweupe kwenye jokofu la kugandisha ukausahau. Mvinyo ukiganda hutanuka na kusukuma kizibo nje, na wakati mwingine chupa hupasuka. Usitumbukize vipande vya barafu kwenye glasi pia, labda kama mvinyo ni wa bei ya chini na umeshakata tamaa nao. Mwekundu wetu ulipopozwa baada ya kuomba, ukawa kinywaji kingine kabisa: mwepesi, mchachu kidogo, una harufu ya zambarau.

Chakula cha kwanza kilikuwa sato wa Mtera wa kukaanga pamoja na Chenin mkavu, yaani usio na utamu wa sukari. Unaendana, mradi ndimu idhibitiwe. Chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo unageuka maji. Robo ya ndimu kwa kipande cha samaki inatosha. Meza ya jirani walikamua ndimu nzima kisha wakalalamika kwamba mvinyo hauna ladha. Na tafadhali, mwekundu usiuguse na samaki wa mafuta mengi, hasa dagaa. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu yakikutana na mafuta ya samaki huacha mdomoni ladha ya kulamba msumari, na hakuna pilipili wala chumvi inayoiondoa.

Kilichonishangaza ni mlenda. Ulikuja wa karanga, na bonge dogo la ugali wa uwele, mvinyo ukiwa uleule wa Chenin mkavu. Wenyeji wengi wa hafla za namna hii huuficha mlenda, huleta jibini la kununua na zeituni za kopo, wakidhani ndiyo ustaarabu. Hapa mpishi alijiamini. Mlenda una utelezi unaoufunika ulimi, karanga zina mafuta, na uchachu wa Chenin unakata vyote viwili, hivyo kila tonge linakuwa kama la kwanza. Kuna mtego mmoja tu, magadi. Magadi huulainisha mlenda haraka, lakini ni kinyume cha uchachu, na yakizidi huuua mvinyo mdomoni ukabaki bapa. Kwa sufuria ya watu wanne, nusu kijiko cha chai ni mwisho, na bora zaidi ni kuyaacha kabisa na kuvumilia mboga ichemke muda mrefu. Nilijaribu mlenda huohuo na mwekundu. Usijaribu. Ukakasi juu ya utelezi ni hisia isiyo na jina.

Kuku wa kienyeji na rozi, sawa tu. Kuku alikuwa mkavu kidogo, rozi ilikuwa baridi vizuri, basi.

Mbuzi wa kuchoma ndiye aliyebeba jioni, na ndiye aliyehitaji Makutupora iliyopozwa. Ukakasi wa mvinyo hushika protini na mafuta ya nyama badala ya kushika mate yako, ndiyo maana mwekundu unaokuwa mkali ukinywewa peke yake hulainika mara unapounywa na ubavu wenye mafuta. Chumvi inasaidia pia, kwani hupunguza uchungu. Kwa hiyo omba mbavu au paja lenye shahamu, lisilokaushwa hadi kuwa kuni, na lipakwe chumvi kabla ya kuchomwa, si kuchovya tu mezani. Nyama iliyonona kiasi kwenye mkaa uliotulia, bila moshi wa mafuta yanayodondokea moto, inatosha. Moshi mzito hufunika mvinyo mwepesi kama huu.

Wageni wengi hapa huharibu mambo wenyewe, kwa pilipili. Kilevi huongeza mwako wa pilipili, na mwako hufanya ukakasi uonekane mara mbili. Mtu akichovya nyama kwenye pilipili kichaa halafu akapiga funda la mwekundu mkavu, atasema mvinyo wa Dodoma ni mkali. Kama huwezi kula nyama choma bila pilipili, basi badilisha glasi, uchukue mweupe nusu tamu wa baridi. Sukari na ubaridi vinatuliza. Kachumbari nayo ina masharti. Vitunguu visuguliwe na chumvi, vioshwe na kukamuliwa, siki isitiwe, nyanya ziwe nyingi. Kitunguu kibichi kisichooshwa hukaa mdomoni dakika 20 na kufuta chochote kitakachofuata.

Tamutamu ndiyo iliyokosewa. Walileta kaimati zilizozama kwenye shira pamoja na mwekundu mtamu. Kanuni ni moja, mvinyo uwe mtamu kuliko kitafunwa. Vinginevyo sukari ya kitafunwa inameza ya mvinyo na kinachobaki ni uchachu. Glasi ile peke yake ilikuwa nzuri. Baada ya kaimati ikawa kama imechacha. Wangeweka karanga za kukaanga zenye chumvi, zabibu kavu na kipande cha jibini gumu, wangemaliza vizuri na kwa gharama ndogo. Huo mvinyo mtamu pia usitangulie. Wenyeji hupenda kuuleta kwanza kwa kuwa wageni wengi wanaupenda, lakini kila kilicho kikavu kinachofuata baada yake huonekana siki. Mpangilio wa mkavu mweupe, rozi, mwekundu, halafu mtamu una sababu yake.

Kuhusu kukagua chupa: ifunguliwe mbele yako, umiminiwe kidogo, uzungushe, unuse. Harufu ya siki maana yake bakteria wameshaingia. Harufu ya tofaa lililokatwa likaachwa likawa la kahawia, na rangi ya mweupe kuelekea kahawia, ni hewa, na mara nyingi chupa ilifunguliwa juzi. Harufu ya gunia lililoloa ni kizibo kibovu. Ukiona mvinyo mtamu usio wa povu unatoa vipovu na kunuka hamira, umeanza kuchachuka upya ndani ya chupa. Hivi vyote ni haki yako kurudisha. Chembe nyeusi au fuwele chini ya chupa si ugonjwa, simamisha chupa itulie na umimine taratibu. Nusa pia glasi tupu kabla. Jioni hiyo glasi mbili zilinuka sabuni ya limau, na mvinyo wowote ungesingiziwa.

Mambo ya nje kidogo. Meza zilikuwa uwanjani, na Dodoma ina upepo. Unapeperusha harufu yote ya glasi na kuleta vumbi. Omba meza iliyokingwa na ukuta. Juni hadi Agosti usiku ni baridi, beba sweta. Faida yake ni kwamba mwekundu utajipoza wenyewe. Barabara ya kutokea ni ya vumbi na haina taa, bei ya mlo haikujumuisha usafiri, na bajaji za kurudi usiku hazipatikani, kwa hiyo kubaliana na dereva akusubiri, tena asiyeonja.

Ukinunua chupa za kuondoka nazo, chagua katoni iliyokaa ndani, si zilizopangwa dirishani juani kwa mapambo. Za kizibo zilazwe ili kizibo kisikauke, za kifuniko cha kuzungusha zinaweza kusimama. Usiziache kwenye buti la gari lililoegeshwa mchana, na mweupe wa Chenin unywe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ukishafunguliwa, uufunge na kuurudisha friji, hata mwekundu. Siku ya tatu umimine kwenye sufuria ya nyama.