Nilivyoitazama "Miaka Mia Moja ya Upweke" na mama yangu

Riwaya ya Gabriel García Márquez nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilichora mti wa ukoo nyuma ya kitabu ili nisipotee. Kwa hiyo tamthilia yake ilipotoka Netflix Desemba 2024, vipindi vinane vya mwanzo, niliingia na hofu. Marehemu mwenyewe hakukubali igeuzwe filamu. Wanawe ndio walioridhia baadaye, ikaigizwa kwa Kihispania na kupigwa picha huko huko Kolombia.

Nilitazama na mama, kipindi kimoja kila usiku baada ya kula. Maandishi ya chini yanamkimbia, basi nikawa mkalimani wake. Nilidhani majina yatamchosha: baba José Arcadio, mwana José Arcadio, mjukuu Arcadio, na akina Aureliano wanafuatana. Wapi! "Si wanarithi majina ya wazee wao, kama sisi?" Akiishaiona sura hamsahau mtu, na ile karatasi yangu haikuhitajika tena.

Mzuka wa Prudencio Aguilar ndio uliomgusa mama zaidi. José Arcadio baba anamchoma mkuki kooni kwa maneno ya kwenye mapigano ya majogoo, kisha marehemu anarudi. Hatishi mtu, ana majonzi tu. Nikamwambia mama kwamba kitabuni Úrsula, mke wa José Arcadio baba, humwekea maji nyumba nzima. Akanyamaza kidogo, akasema, "Amefanya vizuri."

Úrsula ndiye nguzo ya kazi hii. Susana Morales anamwigiza ujanani, Marleyda Soto utu uzimani, na huoni kiungo. Mume anahangaika na sumaku na dhahabu za Melquíades, Mjipsi anayeleta maajabu kijijini, yeye anatengeneza pipi na kuuza. Soto akisimama tu mlangoni, unajua nani anailisha nyumba hiyo.

Kuna jambo sikulipenda. Remedios, msichana mdogo, anachumbiwa na Aureliano, mwana wa Úrsula, kabla hajavunja ungo, na tamthilia inalipitisha kwa mwanga mzuri na maua. Mama aliinuka akaenda jikoni, hakurudi mpaka harusi ilipokwisha. Nadhani alikuwa na haki. Kitabuni pia nilikwazwa, lakini kusoma na kuona si kitu kimoja.

Halafu muda. Riwaya inazunguka: sentensi ya kwanza tu inamweka huyo Aureliano, sasa Kanali, mbele ya kikosi cha kumpiga risasi huku akikumbuka barafu ya utotoni. Tamthilia kwa sehemu kubwa inakwenda moja kwa moja, mwaka baada ya mwaka, na ule uzito wa mambo yaliyokwisha andikwa unapungua. Sauti ya msimulizi inaurudisha kiasi. Vita navyo vimerefushwa, ingawa Claudio Cataño anaonyesha vizuri jinsi Kanali anavyokauka moyoni. Yale maasi yake 32, ambayo alishindwa yote, Márquez anayajumlisha kwa aya moja.

Tahadhari: matukio ya kitandani ni mengi. Niliyapeleka mbele kwa rimoti, mama akatazama dirishani. Msiiwashe watoto wakiwa sebuleni.

Tulipomaliza cha nane mama aliuliza kilichobaki kiko wapi. Nikamletea kitabu. Sasa namsomea kurasa chache kila usiku, nikitafsiri polepole, na tumefika kwenye ugonjwa wa kukosa usingizi, watu wanabandika majina kwenye vitu wasije wakayasahau.