Lenzi za zamani kwenye renjifaenda ya dijitali: ipi uanze nayo

Wengi huuliza kwanza ni lenzi gani ina picha tamu. Kwenye renjifaenda, kamera inayopima umbali kwa kidirisha chake, hilo ni swali la pili. Hutazami kupitia lenzi. Unatazama kwenye kidirisha na kuvuta vivuli viwili mpaka vikutane, huku mgongo wa lenzi ukisukuma kijigurudumu ndani ya kamera kuiambia umbali. Lenzi ikidanganya, utajua ukishafika kwenye kompyuta. Kwa hiyo nimezipanga kwa uaminifu wa kipimo, utamu baadaye.

Kabla ya lenzi, adapta. Nyingi za bei nafuu ni za skrubu, M39, mtindo wa Leica kabla ya mdomo wa M, mahali lenzi inapofungwa kwenye kamera zake, kuingia mwaka 1954. Mdomo wa M umekaa milimita 27.8 kutoka kwenye sensa, M39 ni 28.8, kwa hiyo adapta ni pete ya milimita moja tu, na unene wake ukikosewa kidogo lenzi nzuri inaonekana mbovu. Pete hiyo ndiyo inayoita mistari ya fremu pia, ile inayoonyesha kwenye kidirisha mpaka wa picha: chukua ya 50/75 kwa lenzi ya milimita 50, ya 35/135 kwa ile ya 35. Usibane pesa hapa.

1. Canon za skrubu, 50 f/1.8 au 35 f/2 (namba ya kwanza ni milimita za lenzi, ya f ni tundu la mwanga; f ndogo, tundu kubwa). Ndizo ningemnunulia ndugu yangu. Ni ndogo, zimetengenezwa kwa kipimo cha Leica, na zina ukali wa kutosha hata tundu likiwa wazi kabisa. Hiyo ya 50 ina ugonjwa wake: utando kwenye kioo kilicho karibu na tundu, ambao mara nyingine umeshakula kioo chenyewe na haufutiki. Fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma kwa pembe, uchungulie mbele. Vumbi halina neno. Ukiona kama kioo kimepumuliwa, rudisha.

2. Jupiter-8, 50 f/2. Ya Kisovieti, mjukuu wa Sonnar ya Zeiss. Picha za watu inazipenda kweli. Shida ni kwamba ukoo wake ulifuata kipimo cha Contax, renjifaenda za Zeiss, kilichozidi kidogo milimita 51.6 ambazo Leica huhesabu kwa lenzi ya 50. Ukilenga mbali hutaona kosa, ila kwa mita moja na f/2 utaliona. Yangu ya kwanza ilinipa sikio safi, kila unywele unahesabika, na jicho limelainika kama limetoka usingizini. Nililaumu macho yangu wiki nzima. Ipige kwenye rula iliyolazwa mezani kabla muda wa kurudisha haujaisha. Kuanzia f/4 kosa linajificha.

3. Elmar 50 f/3.5 na Summitar 50 f/2. Kipimo hakina mjadala, ni za Leica zenyewe. Nimezishusha kwa sababu vioo vya mbele hukwaruzika kirahisi, na ukipiga kuelekea jua picha inapauka. Kisha zinakunjika kuingia ndani ya kamera. Kwenye ya dijitali usiikunje hata siku moja, inaweza kugonga vitu vya ndani.

4. Jupiter-12, 35 f/2.8. Kioo chake cha nyuma kinazama ndani mno. Ulizia kwanza kama kamera yako inaikubali. Kwenye Leica M9, lenzi pana za aina hii huweza kuacha rangi nyekundu au zambarau pembeni. Ukipiga nyeusi na nyeupe tu, ipandishe kwenye orodha.

5. Lenzi za kamera za SLR, zile unazotazama kupitia lenzi yenyewe. Adapta zipo, lakini hazisukumi kile kijigurudumu. Kwa Leica M8 na M9, ambazo haziwezi kukuonyesha kwenye skrini kile lenzi inachoona, utakuwa unakadiria umbali kwa jicho. Kwenye M Typ 240 na nyingi zilizofuata skrini inafanya kazi hiyo, ila kidirisha ulichokilipia kinabaki pambo.