Uzoefu wangu: kipimo cha mzio wa metali kabla ya kuwekewa goti bandia

Kama hereni za bei rahisi au chuma cha mkanda hukuwasha na kukutoa vipele, mwambie daktari wa mifupa kabla hajaagiza goti. Mimi nilipelekwa kwa daktari wa ngozi nikapimwa mgongoni, na kipimo chenyewe nakisifu.

Hubandikwa vikopo vidogo vya alumini vyenye vaselini iliyochanganywa na metali: nikeli salfeti asilimia 5, kobalti kloridi 1, dikromati ya potasiamu (chumvi ya kromiamu) 0.5. Uliza kama viambato vya saruji ya mifupa navyo vimo, hasa benzoili peroksaidi (kigandishi) na gentamisini (antibiotiki), maana magoti mengi hugandishwa kwa saruji hiyo. Plasta hukaa saa 48 bila kuloweshwa. Jasho ndilo adui: kona zikiachia na kikopo kikahama, umeumia bure. Krimu ya steroidi mgongoni na vidonge vya prednisoloni (steroidi ya kumeza) huficha majibu. Mtajie daktari mapema, usiviache kwa uamuzi wako.

Kilichonikera ni kupangiwa kusomwa mara moja tu, siku ya kubandua. Haitoshi hata kidogo. Mzio huu huletwa na seli za kinga na hujitokeza taratibu, kwa hiyo husomwa tena siku ya 3 au 4 tangu kubandikwa, na kwa metali hata siku ya 7. Dai miadi hiyo kabla hujalipa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, basi anayesoma apapase kwa kidole na amulike taa kwa ubavu ili aone uvimbe na vipele. Kobalti huweza kuacha vidoadoa kwenye matundu ya jasho. Hivyo si mzio.

Nikeli ikikukataa, usiogope upasuaji. Goti la kobalti na kromiamu kwa kawaida lina nikeli isiyozidi asilimia 1, na wengi wenye mzio wa ngozi hukaa nalo salama. Chuma cha pua cha sahani na skrubu za mivunjiko ndicho chenye zaidi ya 10. Ukitaka tahadhari, ulizia goti la zirkoni iliyooksidishwa, metali yenye uso mgumu kama kauri. Kipimo cha titani (metali nyingine ya viungo bandia) mgongoni sikiamini, chumvi zake hazipenyi ngozi vizuri.

Na goti likiuma baada ya upasuaji, usianze na mzio. Kwanza maambukizi yatafutwe kwa damu na kwa maji ya kiungo, kisha picha ionyeshe kama goti limelegea.