Seti ya kupambia keki yenye picha ya harusi kwenye boksi: je, inafikisha?

Seti hii ya vifaa vya kupambia keki huuzwa ikiwa na zaidi ya vipande 100 ndani ya boksi moja, na juu ya kifuniko pamechapishwa picha ya keki nyeupe ya harusi ya ngazi tatu, iliyovikwa fondanti, yaani kinyunga laini cha sukari kinachosukumwa kama chapati, na kuzungukwa na mawaridi ya krimu. Picha hiyo ni ahadi, na mnunuzi ana haki ya kuuliza kama vilivyomo ndani vinaweza kuitimiza. Nimeitumia seti hii kwa keki za vikombe, keki za siku ya kuzaliwa na keki za ngazi, na maoni yangu ni kwamba katika kupamba inastahili sifa, ila katika kuijenga keki yenyewe ya harusi humwacha mwokaji njiani.

Nozeli, yaani vincha vinavyowekwa kwenye mdomo wa mfuko wa krimu ili kuipa umbo, ndizo zinazolijaza boksi, na ndizo zinazoistahilisha bei. Zimetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, na namba zilizochongwa ubavuni zinafuata mpangilio ambao wapambaji wengi wanaufahamu kupitia kampuni ya Wilton, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1929: 104 ni ya petali za waridi, 352 ni ya majani, 233 hutoa nyuzi nyingi kwa pamoja kama nyasi, na 1M ni ile nyota kubwa ambayo huifunika keki ya kikombe kwa mkono mmoja wa kuzungusha. Faida yake ni kwamba anayejifunza kwa kufuata maelekezo yanayotaja namba hatalazimika kukisia nozeli ipi ndiyo ipi.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba nozeli hizi hazina mshono. Nozeli iliyokunjwa kutoka kwenye bati na kuungwa huwa na mstari kwa ndani, na mstari huo hujichora juu ya kila petali, hasa krimu ikiwa ngumu kiasi cha kusimama yenyewe. Kwa mawaridi nilitumia krimu ya siagi yenye sukari ya unga mara mbili ya uzito wa siagi, siagi ikiwa na nyuzi joto 18 hadi 20, kisha nikaishika nozeli 104 upande mpana ukiwa chini na upande mwembamba ukiwa juu. Petali zilitoka na ukingo mwembamba usiochanika, jambo ambalo nozeli za bei nafuu hushindwa kulifanya. Nozeli nyembamba, namba 1 na 2, nazo hutoa mstari safi wa aisingi ya ute wa yai, ile inayokauka na kuwa ngumu, mradi sukari iwe imechekechwa kwa chekeche laini sana. Donge dogo tu huziba tundu, na kulisukuma kwa nguvu hupasua mfuko.

Hata hivyo wingi wa vipande usimlaghai mtu. Mpambaji wa keki za harusi hurudia nozeli zilezile chache, nyota, petali, jani na duara za ukubwa mbalimbali, na zilizobaki hukaa kwenye kisanduku zikisubiri siku ambayo pengine haitafika. Ningefurahi zaidi kama mtengenezaji angepunguza nusu yake na fedha hiyo akaiweka kwenye sahani ya kuzungushia, ambayo nitaieleza hivi punde.

Mifuko iliyomo ni ya kuoshwa na kutumiwa tena. Ni imara, lakini hubaki na mafuta ya siagi hata baada ya kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni, na mafuta ni adui wa aisingi ya ute wa yai, kwa kuwa kiasi kidogo tu huizuia kusimama. Anayekusudia kufanya kazi zote mbili atenge mfuko mmoja kwa aisingi hiyo na asiutie krimu kamwe.

Sahani ya kuzungushia ndipo seti inapoanza kupwaya. Usawa wa ubavu wa keki hautokani na ustadi wa mkono peke yake. Mkono mmoja hulishikilia bapa la kulainishia bila kulisogeza, likiwa limeegemea kwenye krimu kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, na mkono wa pili huizungusha keki. Kwa hiyo sahani ikiyumba, kila yumbo huandikwa kwenye krimu. Sahani ya seti hii ni ya plastiki nyepesi inayozunguka juu ya mhimili mwembamba. Ikibeba keki ya sentimita 15 huenda vizuri, lakini ikibeba keki ya sentimita 25 yenye matabaka na kijazo huinama upande ambao keki imezidi kidogo, na mpambaji hujikuta akikwangua upande mmoja na kuongeza krimu upande wa pili bila kufikia usawa. Nilijaribu kuweka kitambaa chenye unyevu chini ya kitako ili isiteleze, na kuteleza kuliisha, ila kuyumba kulibaki palepale. Sahani ya chuma yenye kitako kizito ni ghali zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo kifaa cha kwanza ambacho mtu anayetaka kuuza keki za harusi anapaswa kukinunua, hata kabla ya nozeli.

Bapa la kulainishia lina urefu wa sentimita 9, ilhali ngazi ya keki ya harusi kwa kawaida hufikia sentimita 10 au zaidi. Matokeo yake ni alama inayouzunguka ubavu mzima karibu na juu, mahali ambapo bapa linaishia. Kisu bapa chenye mpini uliopinda, kwa upande mwingine, ni kizuri sana. Kinafaa kupaka ule mpako wa kwanza mwembamba unaozifunga chenga za keki kabla ya kuiweka kwenye friji kwa nusu saa na kupaka mpako wa mwisho.

Vifaa vya fondanti ni vya kuchezea tu. Kijiti cha kusukumia kina sentimita 23, na hesabu yenyewe inakikataa: keki ya upana wa sentimita 25 na kimo cha sentimita 10 huhitaji fondanti ya upana usiopungua sentimita 45, yaani juu pamoja na ubavu wa pande zote mbili. Ukisukuma fondanti ya ukubwa huo kwa kijiti kifupi, ncha za kijiti huacha mifereji isiyolainika hata kwa kifaa cha kusawazishia. Vikato vya maua na majani tu ndivyo vikali na vinavyofaa.

Upungufu mkubwa kuliko yote ni kwamba hakuna chochote cha kuzibeba ngazi. Keki tatu za sentimita 25, 20 na 15, kila moja ikiwa na kimo cha sentimita 10, zina ujazo wa karibu lita 10, na zikiwa za matunda makavu uzito wake pamoja na mapambo unaweza kukaribia kilo 10. Ngazi ya chini haibebi mzigo wa ngazi mbili za juu kwa unga na mayai. Kila ngazi ya juu huhitaji kibao chake, na chini yake vijiti vya kuishikilia vilivyokatwa kwa urefu mmoja kamili, kwa sababu kijiti kirefu kuliko vingine ndicho kitakachoinamisha keki nzima. Vibao na vijiti havimo kwenye boksi, na kikaratasi cha maelekezo hakivitaji hata kwa mstari mmoja, ingawa keki iliyo pichani isingeweza kusimama bila hivyo. Kwa keki za vikombe na keki ya ngazi moja, seti hii nainunua tena bila kusita. Mwenye oda ya harusi aongeze kwenye bei yake sahani ya chuma, bapa la sentimita 15, kijiti cha kusukumia cha sentimita 50, vibao na vijiti, kisha ndipo aamue kama bado anazihitaji nozeli zote hizo au atanunua chache moja moja.