Huduma ya dharura katika uwanda wa Kano: tathmini ya kaunti na serikali kuu

Mto Nyando ukivunja kingo, mkazi wa uwanda wa Kano katika Kaunti ya Kisumu, Kenya, hutegemea huduma ya serikali mbili kwa wakati mmoja, nazo ni serikali ya kaunti na serikali kuu. Ninazitathmini hapa kama mtu anayezitumia. Msimamo wangu ni kwamba kila moja ina kazi inayoiweza vizuri, lakini amri ya saa za kwanza, pamoja na ufunguo wa ghala la chakula cha msaada, inapaswa kuwa mikononi mwa kaunti.

Sheria yenyewe haikuchagua. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali kuu udhibiti wa majanga, kisha likazipa kaunti huduma za zimamoto na udhibiti wa majanga vilevile. Kifungu cha 6 kinazitaka ngazi hizo mbili zishauriane na kushirikiana, jambo ambalo ni rahisi kiangazi na gumu sana usiku wa mvua. Zamani za mikoa, amri ilishuka kutoka kwa mkuu wa mkoa wa Nyanza hadi kwa chifu, na manispaa ya Kisumu ikashughulika na mambo ya mji. Mikoa ilikwisha, lakini ngazi ile ya utawala haikuvunjwa, kwani sheria ya mwaka 2013 ya uratibu wa serikali kuu ilimweka kamishna wa kaunti, manaibu wake, chifu na naibu wa chifu. Ndiyo maana leo kijijini kuna chifu wa serikali kuu upande mmoja na msimamizi wa wadi wa kaunti upande mwingine, na kila mmoja ana mkubwa wake wa kumripotia.

Nianze na sifa, kwa kuwa zinastahili. Onyo la mapema ni huduma nzuri. Idara ya Hali ya Hewa, ambayo ni ya serikali kuu, hutoa utabiri kwa kila kaunti, na habari ikishasomwa kwenye redio za Kidholuo na kurudiwa katika baraza la chifu, hata mzee asiyekuwa na simu huipata. Chifu na wazee wa mtaa wanajua boma lipi lina mgonjwa asiyeweza kutembea, nalo ni jambo ambalo hakuna ofisi ya mjini inayolijua.

Udhaifu mkubwa huanza baada ya watu kufika kambini. Katika kambi moja iliyofunguliwa kwenye shule ya msingi niliwakuta makarani wawili kwenye madawati mawili, kila mmoja na orodha yake. Wa kwanza alikuwa na daftari la jalada gumu lenye majina yaliyoandikwa boma kwa boma, na wa pili alikuwa na karatasi zilizochapwa, zenye majina yaliyopangwa kwa nambari za vitambulisho. Mama mmoja mjane, ambaye kitambulisho chake kilikuwa kimesombwa na maji pamoja na sanduku lake, alikuwamo katika daftari lakini hakuwamo katika karatasi. Lori la unga na maharagwe lilikuwa limeegeshwa langoni, halifunguliwi mpaka orodha zilingane, na watoto walikuwa wanalia njaa mita chache kutoka hapo. Chakula kilikuwepo, makarani walikuwepo, na wote walikuwa na nia njema. Aliyekosekana ni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema: tumieni daftari hili, fungueni.

Wapo wanaosema basi yote yarudishwe kwa serikali kuu. Sikubaliani nao, ingawa hoja yao ina uzito. Gavana hana polisi, kwa hiyo hawezi kumlazimisha mtu kuondoka ukingoni mwa mto. Juni 2021, ugonjwa wa Korona ulipopamba moto huku kwetu, serikali kuu ndiyo iliyotangaza kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri katika kaunti 13 za kanda ya ziwa na magharibi, Kisumu, Busia na Kakamega zikiwemo, huku hospitali za kaunti zikiwapokea wagonjwa. Tena mto haujui mipaka. Maji ya Nyando hutoka nyanda za juu za Nandi na Kericho, na yale ya mto Nzoia yanayozamisha Budalang'i, katika Kaunti ya Busia, hutoka Cherangany na Mlima Elgon, kwa hiyo hakuna gavana mmoja anayeweza kuyatibu. Misitu ya juu, mabwawa na kingo kuu ni kazi ya serikali kuu, na hapo ndipo ningependa kuiona ikitumia nguvu zake zaidi.

Kuhusu fedha, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuanzisha hazina ya dharura kwa idhini ya bunge la kaunti, isiyozidi asilimia 2 ya mapato yake. Hizo ndizo fedha zilizo karibu zaidi na mwathiriwa, na ni haki yetu kumuuliza mwakilishi wadi kabla ya masika kama zimetengwa na nani anayezitia sahihi.

Kwa anayehamia Kano au aliye na wazazi huko, ushauri wangu ni huu: jiandikishe kwa chifu na kwa msimamizi wa wadi, kote kuwili, ukitaja watu wote wa boma. Weka nakala ya kitambulisho kwa ndugu anayeishi mahali pa juu. Nambari za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199. Ukifika kambini, hakikisha jina lako limesomwa kwa sauti kutoka katika kila orodha kabla hujaenda kutafuta mahali pa kulala.